Shule Ifungwe Mapema, na Mshahara wa Mzazi Usikatwe



Kila kiangazi tunasikia habari za miwa iliyoungua usiku, za nyumba za kambi zilizoshika moto, na safari nyingine za bweni la watoto. Habari huzungumzwa siku tatu, rambirambi hutolewa, wakubwa hupigwa picha, kisha kila mtu hurudi kazini kwake. Safari hii sisi tunataka kusema juu ya moto kabla haujawaka. Tena tumechagua kuanzia mbali, katika nchi ya Australia, na hasa katika shule za Kikatoliki za huko zilizo kando ya misitu. Watu wale wameishi na moto wa porini miaka mingi, wameulipia kwa roho za watu, na waliyojifunza wameyaandika na kuyatungia sheria.

Tunajua wako watakaouliza: Australia na sisi wapi na wapi? Jibu la kwanza liko nyuma ya kiwanda cha chai. Ile mikaratusi iliyopandwa safu kwa safu ili kuni zake zikaushe majani ya chai, ile ambayo Waganda huiita kalitunsi, asili yake ni Australia. Ni mti wenye mafuta katika majani yake, na aina nyingi gome lake hubambuka vipande virefu vikavu. Huko kwao, siku ya upepo mkali, magome hayo huruka yakiwaka na kwenda kuanzisha moto mwingine mbali sana mbele ya ule wa kwanza. Jibu la pili ni kwamba watoto wetu wengi wanasoma katika shule zilizoanzishwa na Kanisa. Misheni ilitoa ardhi, serikali inalipa walimu, na mara nyingi shamba la kampuni limeizunguka shule pande zote. Siku ya hatari, ni nani kati ya hao watatu anayesema, "Watoto waende nyumbani"? Swali hilo sisi tunaliona kuwa la chama cha wafanyakazi kama lilivyo la askofu.

Tuanze na wafanyakazi wenzetu. Ijumaa tarehe 13 Januari 1939 jimbo la Victoria liliwaka. Katika kiangazi kile watu 71 walikufa katika jimbo hilo, na viwanda 69 vya kupasua mbao viliteketea. Wakati ule viwanda hivyo vilikuwa ndani ya msitu wenyewe, na wafanyakazi walikaa humo humo na wake zao na watoto wao, njia ya kutokea ikiwa moja, nayo ya miti pande zote mbili. Wengi wa waliokufa walikuwa watu wa viwanda hivyo. Penye handaki lililochimbwa vizuri watu waliokoka. Pasipokuwa na handaki, au penye handaki bovu, watu walikufa. Jaji Leonard Stretton aliyepewa kazi ya kuchunguza aliandika waziwazi katika ripoti yake ya mwaka ule ule kwamba moto ule uliwashwa na mikono ya watu. Baada ya hapo viwanda vingi vilihamishiwa mijini.

Hebu tulitazame vizuri jambo hili la handaki. Kulichimba ni kazi ya vibarua wachache kwa siku chache. Lakini handaki halipasui mbao, halileti hata senti moja, na miaka inaweza kupita halijatumika. Ndiyo maana kila mwenye mali anayehesabu faida ya mwezi huu ataliahirisha mpaka mwezi ujao. Kila tunaposikia neno "matayarisho" katika hotuba, sisi tuulize tu: handaki liko wapi?

Miaka 44 baadaye, tarehe 16 Februari 1983, ilikuwa Jumatano ya Majivu, siku ambayo Wakatoliki hupakwa majivu kwenye paji la uso. Siku ile moto uliua watu 75 katika majimbo ya Victoria na South Australia, na 17 kati yao walikuwa wazimamoto. Moto ule mpaka leo unaitwa kwa jina la sikukuu hiyo. Ilikuwa siku ya kazi na siku ya shule.

Halafu ikaja Jumamosi tarehe 7 Februari 2009. Mjini Melbourne joto lilipanda hadi nyuzi 46.4. Kabla ya siku kwisha watu 173 walikuwa wamekufa au wako katika kufa, na nyumba zaidi ya 2,000 zimekwisha. Moto ulioua wengi zaidi, watu 119, ulianza mahali paitwapo Kilmore East, waya wa umeme ulipokatika. Waathirika walikwenda mahakamani, na mwaka 2014 kesi ikaisha kwa fidia ya karibu dola za Australia milioni 500. Fedha nyingi. Waya ungalikaguliwa na kubadilishwa mapema, gharama isingefika hata sehemu ndogo ya hizo.

Katika Jumamosi ile shule tatu za msingi za serikali ziliteketea: ya Marysville, ya Middle Kinglake na ya Strathewen. Strathewen ni mahali padogo sana, na watu 27 wa pale walikufa. Lakini darasani hakukuwa na mtoto, kwa sababu ilikuwa Jumamosi. Kalenda ndiyo iliyowaokoa, si mpango wa mtu yeyote. Kila mkuu wa shule wa Victoria mwenye akili aliamka Jumatatu akijiuliza ingekuwaje kama upepo ule ungalivuma siku moja mapema.

Hapo ndipo uzito wa jambo lenyewe ulipo. Mwaka wa shule huko huanza mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, yaani katikati ya kiangazi chao. Majani ni makavu kuliko wakati wote, na shule imejaa watoto wa darasa la kwanza wasiojua hata choo kiko wapi, walimu wapya wasiojua majina ya watoto, na madereva waliopewa njia mpya. Moto wa 1983 na wa 2009 yote miwili ilikuja Februari. Kwa hiyo mkuu wa shule anayengoja watoto wafungue ndipo aanze kuwaza moto amekwisha kuchelewa. Kazi yake ni ya miezi mitatu minne kabla, wakati nyasi bado ni za kijani na kila mtu anamwona msumbufu.

Na kazi yenyewe si ya kishujaa hata kidogo. Ni kukata nyasi. Ni kuondoa majani makavu katika mifereji ya paa, kwa sababu nyumba nyingi haziunguzwi na ule ukuta wa moto tunaouona katika picha. Zinaunguzwa na vijinga vidogo vinavyopeperushwa na upepo na kutua penye taka kavu, chini ya paa au chini ya ngazi. Ni kuhamisha kuni zilizoegemezwa ukutani na mitungi ya gesi iliyo nyuma ya jiko. Ni kupima lango kama gari la zimamoto linapita, na kuhakikisha mpira wa zimamoto unaingia katika bomba la tenki la shule. Ni kununua pampu yenye injini yake, maana umeme ndio wa kwanza kukatika, na pampu ya umeme siku hiyo ni pambo. Simu nayo hukatika. Basi lazima kuwe na redio ya betri, na lazima wazazi wawe wamekwisha kuambiwa nini kitafanyika simu isipopatikana.

Tena mkuu wa shule hana budi kuujua moto kama mkulima anavyoijua mvua. Moto unapopanda mlima huongeza mwendo: kwa kila nyuzi 10 za mteremko, mwendo wake hukaribia kuwa mara mbili. Shule iliyojengwa juu ya kilima, kama misheni nyingi zilivyojengwa kwa ajili ya hewa nzuri, imekaa mahali pabaya. Joto lake peke yake, hata ndimi za moto zisipomgusa mtu, humwua akiwa bado mbali. Na upepo hugeuka. Kusini mwa Australia upepo wa joto huvuma kutoka kaskazini, kisha jioni huingia ule wa kusini-magharibi. Ubavu mrefu wa moto hugeuka ghafla kuwa uso wake. Mwaka 1983 na mwaka 2009 watu waliodhani moto umewapita walifikiwa na geuko hilo.

Baada ya mwaka 2009 serikali ya Victoria iliunda Tume ya Kifalme chini ya Bernard Teague, nayo ikatoa ripoti yake ya mwisho Julai 2010 pamoja na mapendekezo 67. Kabla ya hapo siasa ya moto ilikuwa hii: mtu ajiandae, akae aipiganie nyumba yake, au aondoke mapema. Tume iliona kwamba kwa siku zile mbaya kupita kiasi maneno hayo yalikuwa yamewadanganya wengi, na kwamba kuondoka mapema ndiyo salama. Kuhusu shule, uamuzi uliofuata ni mwepesi kueleweka. Iko orodha ya shule zilizo katika hatari ya moto wa porini, za serikali, za Kikatoliki na za binafsi pamoja. Tangu tarehe 1 Septemba 2022 Australia nzima inatumia ngazi nne za hatari ya moto, na ya juu kabisa inaitwa ya maangamizi. Ngazi hiyo ikitangazwa kwa wilaya, shule za wilaya hiyo zilizo katika orodha hufungwa. Hakuna mjadala wala kikao. Inapowezekana wazazi hupewa taarifa hata siku nne kabla. Na ndani ya kila shule huchaguliwa mapema jengo moja la kujihifadhia, kwa siku ambayo moto umekuja bila taarifa na barabara haifai tena.

Sisi tunaipenda sheria hii kwa sababu moja kubwa: inamwondolea mkuu wa shule mzigo wa kuonekana mwoga. Mwalimu mkuu yeyote anajua. Ukifunga shule na moto usije, utasikia maneno mwezi mzima. Wazazi watasema umewapotezea siku, wakubwa watasema huna moyo. Ukiacha wazi na moto ukaja, hutasikia maneno maana utakuwa unazika. Mtu mmoja peke yake asiachiwe uamuzi wa namna hiyo saa mbili asubuhi na simu zinalia. Uamuzi ufanywe na karatasi iliyoandikwa wakati wa utulivu, na yeye autekeleze.

Wako Wakatoliki wenzetu wanaosema kwamba kujiandaa mno ni kukosa imani. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Mtakatifu Mary MacKillop, aliyezaliwa Melbourne mwaka 1842 na kutangazwa mtakatifu tarehe 17 Oktoba 2010, alianzisha mwaka 1866 huko Penola shule ya watoto wa maskini, na masista wake wakaenda kufundisha mashambani ambako serikali na matajiri hawakujali kufika. Shule zile zilisimama kwa sababu mtu alihesabu madawati, akaomba mbao, akatafuta paa. Sala ilikuwako, na hesabu ya mbao pia ilikuwako. Leo shule za Kikatoliki zinasomesha karibu mwanafunzi mmoja katika kila watano wa Australia. Mzazi anayempeleka mtoto katika shule yenye msalaba mlangoni anaamini mtoto atapendwa pale. Kusafisha mifereji ya paa ni sehemu ya upendo huo, hata kama hakuna anayeitaja kanisani.

Hapa tuseme neno juu ya nani ni mwajiri, maana bila kulijua hilo chama hakina mtu wa kumdai. Zamani, katika parokia nyingi za Victoria, padre wa parokia ndiye aliyekuwa mwenye shule ya msingi na mwajiri wa walimu. Kuanzia tarehe 1 Januari 2021 Jimbo Kuu la Melbourne liliziweka shule hizo chini ya shirika moja la Kanisa. Walimu wakuu wengi siku hizi ni walei, si masista tena, na walimu wana chama chao, Independent Education Union, kinachojadiliana mikataba na waajiri wa shule za Kanisa na za binafsi. Huko, mwalimu akiuliza nani ameidhinisha mpango wa moto wa shule yake, kuna ofisi ya kujibu. Huku kwetu tukiuliza, misheni itatuonyesha serikali, serikali itatuonyesha kampuni, na kampuni itatuambia kwamba shule si yake ila uzio tu.

Lakini tusije tukadhani shule ni walimu peke yao. Mpango wa moto uliotungwa ofisini na mwalimu mkuu na padre, bila mpishi, bila mtunza bustani, bila dereva na bila karani, ni karatasi tu. Mtunza bustani ndiye anayejua koki ya maji iliyofukiwa na udongo iko wapi. Karani ndiye mwenye rejista, na siku ya moto rejista ni kitu cha pili kwa thamani baada ya watoto wenyewe, kwa sababu pasipo hesabu ya kweli kuna mtu atarudi ndani kumtafuta mtoto ambaye siku hiyo hakuja shule. Mpishi ana moto wake mwenyewe jikoni. Dereva anajua daraja lipi halibebi gari lililojaa. Watu hawa hulipwa kidogo kuliko wote, wengi ni vibarua wa muda, na mara nyingi mafunzo hufanyika siku ambayo hawakuitwa kazini. Huo ni upumbavu, nao ni upumbavu wa hatari. Mafunzo ya moto yawe saa za kazi, yenye malipo, na kila mtu anayekanyaga ua wa shule kwa mshahara ayapate.

Jambo jingine ambalo viongozi wa shule za Australia wamelazimika kulijua: wanaume na wanawake wa vijijini wengi ni wazimamoto wa kujitolea. Mamlaka ya moto ya mashambani ya Victoria, iliyoanzishwa mwaka 1945, inasimama juu ya watu hao. Siku ya moto king'ora kikilia, mwalimu wa darasa la sita huvaa koti la manjano akaondoka, baba wa watoto watatu huondoka, fundi wa shule huondoka. Kwa hiyo mpango unaomtegemea fundi awashe pampu umekufa kabla ya kuanza. Kila kazi iwe na watu wawili, na wa pili asiwe mzimamoto.

Na watu hawa wa kujitolea wanalipwa na nani? Hilo ndilo ambalo vyama vya huko vimelipigia kelele. Sheria ya kazi ya Australia ya mwaka 2009 inampa mfanyakazi ruhusa ya kutoka kazini kwenda kuzima moto wa dharura, asifukuzwe, lakini ruhusa hiyo haina malipo. Katika kiangazi cha 2019 na 2020, moto ulipoendelea miezi na miezi, watu walizima moto mpaka akiba zao zikaisha. Ilikuwa tarehe 29 Desemba 2019 ndipo serikali kuu ilipotangaza fidia kwa wazimamoto wa kujitolea wa New South Wales waliofanya kazi zaidi ya siku 10, dola 300 kwa siku na isizidi dola 6,000. Kiangazi kile kiliua watu 33 motoni, tisa kati yao wazimamoto, na kuunguza nyumba zaidi ya 3,000. Moshi wake uliwaathiri watu waliokuwa mbali sana na moto wenyewe.

Tarehe 12 Novemba 2019, kwa sababu ya hatari iliyotangazwa, shule zipatazo 600 zilifungwa katika New South Wales kwa siku moja. Sisi tunasema zilifungwa kwa haki. Lakini tumtazame mama mmoja katika hao. Anafanya kazi katika kiwanda cha kufungasha nyama, au anasafisha vyumba vya hoteli. Usiku anapata taarifa kwamba kesho hakuna shule. Watoto ni wawili, bibi yao yuko mbali. Kama ameajiriwa kwa kudumu, sheria ile ile inampa siku 10 kwa mwaka zenye malipo kwa ugonjwa wake na kwa kumtunza mtu wa nyumbani, na dharura ya ghafla imo. Kama ni kibarua, sheria inampa siku mbili kwa kila tukio, bila malipo. Basi mama kibarua anachagua: ama apoteze ujira, ama awafungie watoto nyumbani peke yao, na nyumba yenyewe iko pale pale penye miti. Shule imewatoa watoto katika hatari moja, na mkataba mbaya wa kazi umewatia katika nyingine.

Hapo ndipo tunapotofautiana na wataalamu wengi wanaoandika juu ya maandalizi ya shule. Wanaandika juu ya mifereji na ngazi za hatari, na wanaandika vizuri. Lakini wanamwona mzazi kama mtu wa kupewa taarifa tu. Mzazi ni mfanyakazi. Taarifa ya kufunga shule isiyokuja na ruhusa yenye malipo imemtupia maskini gharama ya usalama wa wote. Na mkuu wa shule akijua kwamba kufunga shule kutawakatia wazazi mia mbili mshahara wa siku, atasita, maana naye ana roho. Kusita huko ndiko tunakokuogopa.

Sasa turudi nyumbani. Mioto yetu ya shule mingi si ya porini. Kyanguli, nchini Kenya, mwaka 2001, wavulana 67 walikufa bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Hapa Uganda, mwaka 2008, katika shule ya msingi ya Budo walikufa watu wapatao 20, wengi wao wasichana wadogo. Oktoba 2022 walikufa 11 katika shule ya vipofu ya Salama, Mukono. Septemba 2024 walikufa wavulana 21 katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Moto wa kwetu huanzia ndani, na usiku. Moto wa Australia hutoka nje, na mchana. Mtu anaweza kusema basi hatuna la kujifunza kwao. Sisi tunaona kinyume. Huko na huku swali ni lile lile: ufunguo uko kwa nani, na je, anao ruhusa ya kuutumia bila kumwamsha mkubwa wake?

Tena tusijidanganye kwamba moto wa nje hautufikii. Zitazameni shule za mashambani mwetu. Miwa imepandwa mpaka ukutani kwa darasa, kwa kuwa kila mita ina tani zake. Mikaratusi ya kiwanda inaangusha majani juu ya paa la mabati na juu ya jiko la nyasi. Njia ni moja, ya matrekta. Nyasi za ua zinakatwa askofu anapokuja kutoa kipaimara. Na Januari, mvua ikikosekana, mtu hutupa kipande cha sigara, au jirani huchoma shamba lake, au mwenye ugomvi na kampuni huwasha miwa kwa makusudi, kisha kila mtu hutazama upepo unakwenda wapi.

Strathewen ilijengewa shule mpya, na wanafunzi wake wakubwa hufundishwa na wazimamoto wa kujitolea wa hapo jinsi moto unavyotembea, jinsi ya kusoma upepo, na nini cha kufanya siku ya hatari. Wakirudi nyumbani huwafundisha wazazi. Watoto wale wamezaliwa mahali penye makaburi ya moto, na walimu wao hawakuwaficha. Tungependa kuona watoto wa kambi zetu nao wakifundishwa hivyo, na mzee wa zimamoto wa kiwanda, anayekaa mwaka mzima akisugua mitungi yake, angepata kazi ya heshima Jumamosi moja kwa mwezi.

Kwa hiyo matawi yote ya chama katika mashamba ya miwa na chai, mnapokaa kuandaa madai ya mkataba ujao, tunashauri ukurasa mmoja uwe wa shule. Kati ya miwa au mikaratusi na ukuta wa shule paachwe ukanda mtupu, na kampuni iulimie, si wanafunzi. Mwalimu mkuu apewe kwa maandishi, na misheni, serikali na kampuni zote tatu zikatie sahihi, mamlaka ya kufunga shule na kuwaondoa watoto bila kungoja jibu la yeyote. Shule ikifungwa kwa hatari ya moto, mzazi mmoja wa kila nyumba aruhusiwe kukaa na watoto na ujira wake wa siku ulipwe, awe wa kudumu au kibarua. Mafunzo ya moto yawe saa za kazi. Na lile boza la maji la kampuni, liandikwe katika mkataba huo huo likiitwa litakwenda wapi kwanza, kwenye miwa au kwenye shule. Mwakilishi wa mwajiri akisema jambo hilo halihitaji kuandikwa kwa kuwa jibu linajulikana, mpeni kalamu aliandike.